Kitenzi Nilichojifunza kwa Ajili ya Binti Yako

Wani, mhandisi wa sukari,

Pokea salamu za Eliya fundi cherehani, ambaye bado anakula. Goti la kushoto limegoma, na macho siku hizi yananionyesha nyuzi mbili mahali palipo na mmoja, lakini nipo. Wewe sikuulizi hali. Hali yako tuliifukia wenyewe kwa majembe, na Denis mpwa wako akapiga picha.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kule Kitale, mpaka darasa la nne, mwalimu aliponichoka. Kiarabu chetu cha Juba ni cha mdomo. Kiingereza ni cha watu wa benki kama huyo Denis. Kihispania chako nitakifikia, tulia. Lakini huna budi kutulia, nimesahau.

Kwanza nikutukane kidogo, maana kwenye bika, pale matangani kwako, walinizuia. Siku zote za kilio watu walikaa uani kwako Gudele kwenye viti vya plastiki, chai mkononi, wakisimulia ulivyokuwa msomi. Msomi! Ulichukuliwa ukiwa mtoto ukapelekwa Kuba, ukakaa huko mpaka ukaota ndevu, na katika elimu zote za dunia ukachagua sukari. Halafu ukaja nayo kwenye nchi ambayo sukari yake inashushwa kwenye lori kutoka mpakani Nimule, tayari kwenye gunia. Kilichobaki cha kuhandisi ni kikombe. Nilitaka kusimama niseme hivyo, Denis akanishika shati: "Mzee, wacha presha." Nikakaa. Watu wa siku hizi wanataka marehemu asifiwe kama bidhaa.

Ila kosa lako kubwa si sukari. Kosa lako ni kwamba ulikuwa na mtoto mmoja tu duniani, ukamwacha kule akiwa hajaota meno, na hukumwambia mtu yeyote hapa isipokuwa mimi. Tena uliniambia kwa majivuno, kama mtu anayekunja mkono wa shati ili saa ionekane. Yanelis. Jina la namna gani hilo? Nikakuuliza kama mlikosa majina ya watakatifu. Ukacheka mpaka ukakohoa. Ndugu zako wakamjua siku alipokutafuta mwenyewe kwenye simu, mwanamke mzima wa miaka thelathini, na hata hapo walimwita mtoto wa simu. Wewe hukuwakemea. Hapo sikucheki hata sasa.

Sasa nikueleze mambo yalivyokwenda, maana uliondoka katikati.

Unakumbuka simu yako ulikuwa ukija kuichaji dukani kwangu New Site, kwa sababu mimi nilikuwa na sola na wewe ulikuwa na digrii. Alhamisi ile ulikuja, ukachomeka simu, ukakaa kwenye benchi langu, ukafa. Simu ilikuwa haijafika nusu. Ikabaki kwangu. Hakuna aliyeiulizia.

Denis, kwa elimu yake ya Nairobi, akachukua picha yako ukiwa umevaa lile shati jeupe alilokutumia Yanelis, lenye mikunjo myembamba kifuani na mifuko minne. Mifuko minne kwa mtu asiye na cha kuweka hata kwenye mmoja! Akaizungushia picha mishumaa na maua, akaituma kwa ukoo mzima, na ukoo mzima ukaiweka kwenye simu zao kama desturi ilivyo siku hizi. Hakuna aliyeandika neno. Kwetu maneno ya nini? Ukiona uso wa mtu umewekwa na watu ishirini kwa pamoja, una mishumaa, unajua. Unafunga duka, unauliza bika iko wapi.

Siku ya pili ya kilio simu yako ikalia mfukoni mwangu. Ujumbe wa sauti. Yanelis. Nikaubonyeza, nikasikia msichana anaimba, na watu wengine nyuma yake wanaitikia. Nikasema, ah, mtoto amesikia, huo ndio wimbo wao wa maombolezo. Nikampelekea yule kijana wa spika, akauweka kwa sauti kubwa uani kwako. Wani, kina mama walilia! Waliokuwa wamechoka kulia wakaanza upya. Mzee Tombe, baba yako mdogo, akavua kofia. Wakaomba urudiwe, ukarudiwa mara tatu. Mimi mwenyewe nililia, na usimwambie mtu.

Ulipokwisha, Mzee Tombe akauliza swali ambalo wazee huuliza: mtoto ameambiwa na nani? Denis akasema ameshajua, akamwonyesha kwenye simu, kwamba chini ya picha Yanelis ameweka mioyo mitatu myekundu. Mzee Tombe akaiangalia ile mioyo kwa muda mrefu, akarudisha simu, akasema, "Moyo wa simu hauna sikio."

Unaijua sheria yetu. Kifo cha baba hakimfikii mtoto kama tangazo. Kinapelekwa kwa mdomo wa yule aliyemfumba marehemu macho, na mtoto anakalishwa kwanza. Bila hivyo karama, chakula cha siku ya arobaini, hailiwi, na ikiliwa inaliwa bure. Mzee Tombe akauliza nani alikufumba macho. Viti vyote vya plastiki vikageuka upande wangu. Denis akasema hakuna shida, kuna kitu kwenye simu kinachotafsiri, unaongea hapa kinatokea kule. Mzee akamwambia hicho kitu akipeleke kwenye posa yake mwenyewe, aone kama atapewa mke.

Basi nikaenda kwa Kristina, mwenye duka la dawa kule Gudele, ambaye mlisoma naye kwenye kile kisiwa chenu. Ana ulimi kama mkasi, sijui kwa nini hukuwahi kunitambulisha. Nilimpa simu ili anifundishe ule wimbo wa kilio nimpigie mtoto nao, kwa heshima. Akasikiliza. Akaanza kucheka. Halafu hakucheka tena, akaketi kwenye maboksi ya dripu.

"Mzee," akasema, "huyu anamwimbia baba yake siku ya kuzaliwa."

Mishumaa, Wani. Kwao mishumaa na maua kuzunguka uso wa mtu mwenye shati jeupe ni keki. Aliona ukoo mzima umekusherehekea, akakusanya marafiki zake na majirani, wakakuimbia. Nasi tukalia kwa wimbo huo mara tatu, na anayestahili kuchapwa kuliko wote ni mimi niliyebonyeza.

Ziliingia jumbe nyingine wiki hizo, na Kristina akanisikilizisha mojamoja. Mimi sikushika kitu isipokuwa sauti moja iliyorudi kila mahali kama kipele: keda, kedó, kedamos. Nikamuuliza huyu Keda ni nani. Akasema si mtu, ni kitenzi. Akasema hana muda wala subira ya kunifundisha lugha nzima, na mimi sina kichwa cha kuiweka, lakini atanifundisha hicho kimoja, kwa sababu Yanelis hawezi kufungua mdomo bila hicho. Nikikijua nitajua anachouliza. Habari yenyewe nitaikariri kama sala.

Kinaandikwa quedar. Q na u, zote mbili kwa sauti moja ya k. Upotevu wa wino.

Nilikaa kwenye stuli karibu na mizani ya watoto, kila asubuhi kabla ya kufungua duka langu, wiki tatu. Kristina hufundisha kwa dawa. Anaweka paketi za panadol kwenye kaunta, anauza mbili, ananiuliza zimebaki ngapi. Quedan tres. Zimesalia tatu. Nilisema hicho ni kitenzi cha kawaida, hata mbuzi anakijua. Akasema subiri. Kesho yake kilekile kikawa na maana ya kuahidiana kukutana: mkisema quedamos, mmepanga siku. Siku ya tatu kikawa cha nguo, kama imekukaa vizuri au inakuning'inia. Hapo nilikiheshimu kidogo, maana nguo ndiyo shule yangu na sisi pia husema nguo imemkaa mtu. Siku ya nne kikawa cha mahali: Juba queda lejos, Juba iko mbali. Nikamwambia Kristina hiyo sentensi ni ya uongo. Mbali na nani? Sisi tuko hapahapa.

Niliudhika, Wani. Kitenzi gani hiki? Kinafanana na wale wakubwa wenye vyeo vitano, na ukienda kwenye ofisi yoyote kati ya hizo tano unaambiwa ametoka kidogo. Kiswahili kina neno la kubaki, lina kazi yake. Kina neno la kukutana, lina kazi yake. Kila neno na jembe lake. Hao wenzako wana jembe moja kijiji kizima, wanaazimana. Na wewe ulikuwa ukinidharau mimi darasa la nne, ukisema lugha yako ni tajiri! Wateja wa Kristina wenyewe walikishika kabla yangu. Mama mmoja mwenye mtoto wa malaria alinisikia nimekwama kwenye paketi, akanijibia kwa hasira, queda una, mzee, toka tuhudumiwe.

Lakini kadiri nilivyokijua, ndivyo zile jumbe zilivyofunguka, na heri zisingefunguka.

Katika ujumbe wa kwanza baada ya wimbo alikuuliza kama shati lilikukaa. Te quedó bien la camisa. Nilikuwa kwenye raksha, hizi bajaji zetu, narudi New Site nilipoelewa mwenyewe, bila Kristina. Halikukukaa. Lilikuwa kubwa, ulikuwa umekonda na hukutaka kumwambia; ni mimi niliyelipunguza ubavuni, na ndilo tulilokuzika nalo. Sikuwa na Kihispania cha kumjibu hivyo.

Uliofuata alisema mlikuwa mmepanga umpigie Jumapili.

Uliofuata alisema alibaki akingoja. Me quedé esperando. Sauti yake ilikuwa bado ya utani, kama mtu anayekugongea mlango huku akiamini umo ndani.

Halafu kimya cha siku tisa. Halafu ukaja mfupi kuliko yote, na huo nilimpelekea Kristina kwa sababu niliuelewa na sikutaka kuuelewa. Akausikiliza mara moja tu. Quédate con tu silencio. Baki na kimya chako.

Unaona ulichofanya? Mtoto alidhani umemwacha mara ya pili. Ya kwanza ulimwacha ukiwa na miguu yako mwenyewe, na huwezi kujitetea. Lakini hii ya pili hukuifanya wewe, na hapakuwa na mtu duniani wa kukutetea isipokuwa mzee wa cherehani mwenye kitenzi kimoja. Kristina alisema siku ya arobaini imekaribia, ampigie yeye, kwa nini nijiaibishe. Nilimwambia yeye hakukufumba macho. Akafuta kaunta iliyokuwa safi.

Tulipiga Jumamosi saa kumi alasiri, kwao ikiwa asubuhi. Kristina nilimkataza kusema chochote mpaka nimalize. Akajiziba mdomo kwa leso. Nilikuwa na karatasi. Na hapa, Wani, nilifanya upumbavu ambao hata wewe msomi usingeufanya. Nilipiga kwa simu yako.

Akapokea kabla haijaita mara ya pili. "Papi," akasema. Alisema kwa hasira na furaha kwa pamoja, kama mama anayemwona mtoto aliyepotea na anataka kumkumbatia na kumchapa. Papi, papi, na maneno mengine mengi. Karatasi ikanitoka mkononi.

 Kristina alinikanyaga mguu. Nikasema mimi si baba yake. Nikasema jina langu, ninasikia uliwahi kumtajia, sijui ulimwambia nini kuhusu mimi na sitaki kujua. Nikamwambia siéntate, hija. Keti, binti yangu. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeogopa, akauliza kitu. Nikarudia, keti. Nikasikia kiti kikiburutwa kule, ng'ambo ya bahari ambayo sijawahi kuiona. Ndipo nikasema. Tu papá murió. Maneno matatu tu, hata pumzi hayamalizi. Kwa kifo wana neno lao maalumu, halifanyi kazi nyingine, na siku hiyo nilitamani lingekuwa na nyingine.

Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kwetu tungesikia kelele. Alipumua tu, ndani, nje, kama mtu anayepanda mlima. Nami nikapumua naye.

Halafu akauliza. Aliuliza polepole, kana kwamba alijua anaongea na mzee mjinga, na kitenzi kilikuwa katikati ya swali, nikakiona kama ninavyoona kitufe.

"¿Tú te quedaste con él?"

Wewe ulibaki naye?

Wani, hili sikuwaambia kwenye bika, wala Mzee Tombe. Alhamisi ile nilikuwa nimekupa mgongo. Nilikuwa nashona suruali ya mtu wa Nesitu aliyekuwa ananiharakisha, na huku nashona nakutukana kama kawaida yetu. Nilikuwa nakwambia mhandisi amelala, mhandisi amechoka kwa kutofanya kazi, mhandisi hata nzi hamfukuzi. Hukunijibu, nikaona nimekushinda leo. Nikaongeza. Nilimaliza mguu mzima wa suruali nikimtukana mtu ambaye hakuwepo tena. Nilipogeuka kukuona umekasirika namna gani...

Basi.

Baada ya hapo nilifunga mlango wa duka. Nilikufumba macho, nikakufunga taya kwa kitambaa kipya, cha mteja, nikakulaza vizuri kwenye benchi na nikakaa chini sakafuni na goti langu hili, mpaka Denis alipokuja, jua likiwa limeshuka. Sikwenda kukojoa. Lakini ule mguu wa suruali, je? Ule nao ni kubaki? Nilitaka kumuuliza Kristina kama kitenzi chao chenye maana zote hizo kina na hiyo, ya mtu aliyekuwepo na mgongo wake. Hapakuwa na nafasi. Mtoto alikuwa anangoja, na amengoja sana katika maisha yake.

Nikamwambia, "Sí. Me quedé."

Hapo ndipo akalia. Alilia vizuri, kwa sauti, kama mtu wa kwetu. Nilimwacha alie. Halafu nikampa Kristina simu, wakaongea Kihispania chenu mpaka chaji ikakaribia kwisha, na mimi nikatoka nje nikasimama kwenye jua pamoja na wagonjwa.

Karama ilifanyika. Mzee Tombe aliniuliza mbele ya watu kama mtoto amesikia. Nikasema amesikia kwa sikio, na alikuwa ameketi. Akaitikia kwa kichwa, sahani zikaletwa. Denis alitaka kuweka picha nyingine yenye mishumaa. Nilimwambia akiiweka nitamshonea suruali isiyo na mahali pa kutokea miguu. Ameiacha. Si kijana mbaya, amesomeshwa tu kupita kiasi.

Haya, mhandisi, nimechoka na wewe. Udongo wako mwepesi au mzito, hilo ni shauri lako na Mungu. Nenda kapumzike, utukufu wako wa sukari ukusindikize. Yanelis amesema atakuja kiangazi kikifika, na Kristina ameshaanza kunitisha kwa kitenzi cha pili, ambacho anasema ni kibaya kuliko cha kwanza. Usidhani najifunza kwa ajili yako. Wewe ulimwahidi Jumapili ukazikosa hata ulipokuwa hai. Mimi sikumwahidi chochote. Nitampigia tu Jumapili hii, na inayofuata, na nyingine, mpaka yeye anichoke au mimi nije huko nikutukane ukiwa umenigeuzia uso.

Eliya, fundi wako
New Site, Juba